Hatua Sabini kwa Sabini

Mwezi wa saba mwaka jana wadogo zangu wawili nusura wamburuze jirani yetu kwenye baraza la ardhi la kata. Jirani mwenyewe tumekua naye, tumechunga naye mbuzi, na siku tunamzika baba yeye ndiye aliyetangulia kushika jeneza. Chanzo cha yote ni karatasi moja. Tulikubaliana shamba la baba lipimwe ili kila mtoto ajue chake, tukamleta mpima kutoka mjini na kifaa chake cha setilaiti. Akazunguka, akabonyeza, akaandika. Shamba ambalo maisha yetu yote tumeliita "ekari tatu za mzee" likatoka kwenye karatasi likiwa ekari 2.32.

"Tumeibiwa, dada," mdogo wangu aliniambia. Hakutaja mtu, lakini wote tuligeuza macho upande wa mashariki, kwenye mpaka.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa shule ya msingi. Tangu 1990 nafundisha madarasa ya juu, la tano hadi la saba, watoto wa umri ule ambao mtu ama anafanya urafiki na hesabu ama anaapa kutozungumza nayo tena. Mtu angetegemea niwe wa kwanza kuchukua kalamu. Lakini nilibaki nimeishika karatasi, nikimkumbuka mzee mmoja mfupi, kavaa makubazi ya tairi, anatembea kwenye majani, na mimi nyuma yake nahesabu.

Ilikuwa 1979, niko darasa la tatu. Kijiji chetu, mkoani Morogoro, kilikuwa kinagawa mashamba kwa kaya, na kazi ya kupima alipewa mjumbe wa nyumba kumi. Kanuni ilikuwa ile ile inayotumika hadi leo sehemu nyingi za nchi hii: hatua sabini, kata kona, hatua sabini, hiyo ni ekari. Baba alipata tatu zilizopangana mstari mmoja, kwa hiyo mjumbe alitembea sabini kwa upana na mia mbili na kumi kwa urefu. Sisi watoto tulimfuata kama vifaranga, tukihesabu kwa ile sauti ya darasani ya kuvuta. Katikati ya safari mwiba ukapenya kubazi. Akasimama kwa mguu mmoja, akauchomoa, akageuka: "Nilikuwa ngapi?" Tukapiga kelele kwa pamoja, "Mia moja kumi na nne!" Akaendelea na kumi na tano. Kila kona ukapandwa mkonge, watu wakaenda kunywa uji.

Tulikuwa makini mno na hesabu siku ile. Mtoto aliyeruka namba alizomewa. Hakuna aliyeuliza, mkubwa wala mdogo, hatua yenyewe ina urefu gani.

Shuleni nako hivyo hivyo. Kampeni ya Elimu ya Msingi kwa Wote ilikuwa imeanza 1977, madarasa yamefurika, tunakaa watano dawati la watatu, wengine chini. Tulihesabu kwa vizibo vya soda na vijiti mpaka darasa la pili, kisha vizibo vikachukuliwa na namba zikabaki peke yake. Kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza tulikuwa na hesabu za kichwa. Mwalimu anapita kati ya madawati na fimbo, anakugusa bega, anatamka, unajibu. Saba mara nane ilinishinda muhula mzima. Nilijua saba mara saba, nilijua nane mara nane, lakini hiyo ya katikati iliyeyuka kila nilipoguswa bega. Mwishowe iliingia kwa viboko vinne na haijatoka tena: hamsini na sita. Niwekee hiyo namba, msomaji, nitaihitaji huko mbele.

Siku hizi imekuwa mtindo kubeza kukariri tebo. Mimi simo. Mtoto wa darasa la sita anayehesabu vidole kutafuta saba mara nane hana nafasi tena kichwani ya kufikiria swali lenyewe linataka nini, kama vile mtu asiyejua kusoma vizuri anavyofika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Tebo ijulikane, na ijulikane usingizini. Ninachokilaumu ni ile fimbo. Ilitufundisha kwamba hesabu ni kitu cha kutema haraka kabla hujaumia, na mtoto aliyezoea kutema hatazami alichokitema. Wapo waliokuwa wakijibu namba yoyote ilimradi mwalimu apite.

Nyumbani kulikuwa na hisabati nyingine. Mama yetu hakusoma zaidi ya kisomo cha watu wazima, na aliuza chai na vitumbua njia panda. Mteja akila vya shilingi moja na senti themanini na tano, akatoa shilingi tano, mama hakutoa kitu kwenye kitu. Alianzia kwenye bei akapanda nayo. Anaweka senti tano kiganjani mwa mteja, "tisini", senti kumi, "mbili", shilingi, "tatu", shilingi, "nne", shilingi, "tano". Amemaliza. Chenji ni shilingi tatu na senti kumi na tano, na hakuna hata mtu aliyeitaja.

Darasani hesabu hiyo hiyo ilisimamishwa wima. Sifuri haitoi tano, nenda kwa jirani ukaazime. Jirani naye ni sifuri, kwa hiyo naye akaazime kwa jirani yake. Rudi, kata, andika kidogo juu. Nusu ya darasa ilipotelea huko kwenye kuazimana. Siku moja nilimwonyesha mama daftari langu lililojaa wino mwekundu, nikamweleza utaratibu. Akasikiliza, akauliza kwa nini twende kwa jirani kuazima wakati pesa ni yetu. Sikuwa na jibu. Nilipokuwa mwalimu nikawa nafundisha njia zote mbili, na kuna mkaguzi aliyewahi kunieleza, kwa upole lakini kwa maandishi, kwamba ile ya pili haimo kwenye mwongozo. Sikumwambia ni ya nani.

Darasa la sita nilipata mwalimu aliyetuchania karatasi. Alituambia kila mtu achore pembetatu yoyote anayotaka, aikate, apake rangi pembe zake tatu, halafu azichane hizo pembe na kuzipanga ncha kwa ncha kwenye ukingo wa rula. Yangu ilikuwa nyembamba kama mkuki. Ya jirani yangu ilikuwa pana kama paa la banda la kuku. Zote zilijaza ukingo wa rula sawasawa, hazikupungua, hazikuzidi. Tukaanza kuchungulia za wenzetu, tukichora nyingine za ajabu ajabu ili tumshinde mwalimu, na hakuna aliyemshinda. Alipoandika ubaoni kwamba jumla ya pembe za pembetatu ni nyuzi 180, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Nimesahau jina la kitabu tulichotumia mwaka ule, lakini ile mikato ya karatasi iliyopakwa kalamu nyekundu ningeweza kukuchorea.

Mwalimu huyo huyo ndiye aliyetufundisha hekta: mita mia kwa mita mia, mita za mraba 10,000. Nilipata vema zote. Lakini saa nane mchana nilifika nyumbani ambako mtu hajui hekta, anajua ekari, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hekta moja ni kama ekari mbili na nusu. Eneo la daftarini lilikuwa la daftarini. Lile la nje lilikuwa la jembe.

Na dalili zilikuwepo, tena kila mwaka. Bwana shamba alielekeza kilo kumi za mbegu ya mahindi kwa ekari moja. Baba alinunua kilo thelathini, na kila msimu zikabaki kama saba. Mama alisema mzee anapanda kwa kubania. Baba akaudhika, mwaka uliofuata akasogeza mashimo karibu karibu ili mbegu ziishe. Mahindi yakasongamana, yakazaa vihindi vya kidole. Mimi nilikuwa pale pale mkekani, natafuna ugali, nasikiliza ugomvi huo msimu baada ya msimu, mtoto mwenye alama nzuri za eneo, na haikuwahi kunijia kwamba hilo nalo ni swali la hesabu.

Kidato cha kwanza nilianza 1984. Siku ya kwanza ya Hisabati mwalimu aliingia, akachora pembetatu, akageuka na kuuliza kwa Kiingereza jumla ya pembe zake ni nyuzi ngapi. Jibu nilikuwa nalo tangu darasa la sita. Sikujua kama nimeulizwa. Msichana niliyekaa naye, aliyetoka wa kwanza shuleni kwao, alininong'oneza, "Kwani hiyo si pembetatu?" Mwalimu akasikia, akamtoa nje kwa kosa la kusema Kiswahili darasani. Aliporudi alikuwa amebadilika. Alianza kunakili kila kitu kilichokuwa ubaoni pamoja na makosa ya mwalimu, na alipofika kidato cha nne alifeli somo ambalo miaka minne nyuma lilikuwa lake.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, kisha mtoto akivuka tu kizingiti cha sekondari mraba, duara, mzingo na kipenyo vyote vinabadilishwa majina siku moja. Kwa miaka mingi wanaofeli Hisabati kidato cha nne ni wengi kuliko wanaofaulu. Sisemi lugha ndiyo chanzo chote. Wapo wanaofeli kwa Kiswahili, nimewasahihisha mimi mwenyewe. Lakini yule msichana hakuwa na ugomvi na pembetatu. Alikuwa ameichana kwa mikono yake kama sisi, maana nilimuuliza bwenini, na kwao walichana pia.

Nilianza kazi nikiwa nimeapa kwamba sitakuwa mwalimu wa fimbo. Sikuwa. Nikawa mwalimu wa kanuni. Niliandika ubaoni kwa chaki za rangi: eneo la mstatili ni urefu mara upana, mzingo ni mara mbili ya urefu jumlisha upana, na pembeni, kwa herufi kubwa, MAGAZIJUTO, kwamba tunaanza na mabano, kisha kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa. Watoto waliimba. Mwezi wa tatu nikawapa swali la mkulima anayetaka kuzungushia waya shamba la mita 30 kwa mita 20. Mvulana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii ni ya kuzidisha au ya kujumlisha?"

Nikamjibu, "Ya kujumlisha." Akaandika, nikampa vema.

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi mno tangu siku ile, na walimu wenzangu wanaulizwa pia. Tunalicheka ofisini. Mimi lilianza kuninyima raha usiku ule ule wa kwanza. Mtoto alijua kuzidisha na alijua kujumlisha. Shamba ndilo hakuliona, wala waya, wala mkulima anayehesabu pesa ya waya. Alikuwa ananiuliza afanye nini na 30 na 20, namba mbili tu zilizoachwa barabarani. Na mimi, badala ya kumwonyesha shamba, nikampa alama ya kufanyia.

Wiki iliyofuata nilinunua kamba ya katani, nikapima mita arobaini, nikaunga ncha, nikawatoa nje. Watoto wanne wakawa kona. Tukaanza na mita kumi kwa kumi. Kisha kumi na tano kwa tano. Kisha wakaibana mpaka kumi na tisa kwa moja, kichochoro. Nikauliza shamba lipi ni kubwa. "Yote sawa, Mwalimu, kamba ni ile ile!" Hata waliokuwa wakipata vema za eneo walisema hivyo. Tukachora miraba ya mita moja moja mavumbini tukahesabu: mia moja, sabini na tano, kumi na tisa. Kelele zikaanza. Mmoja akadai kamba imerefuka, tukaipima upya. Yule mvulana wa dawati la nyuma hakusema kitu. Aliingia kwenye kile kichochoro, akalala kukingama, miguu ikatokeza nje ya kamba. "Humu huwezi kulima, Mwalimu," akasema, na tangu siku ile hakuniuliza tena kama ni ya kuzidisha.

Neno jiometri lenyewe kwa Kigiriki ni kupima ardhi. Wapimaji wa kale wa Misri walifanya kazi yao kwa kamba, kama sisi uwanjani, maana Mto Nile ulikuwa ukifurika na kufuta mipaka. Na Eratosthenes, aliyekaa Alexandria zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alipotaka kujua mzingo wa dunia alihitaji vitu viwili tu: pembe ya kivuli, aliyoikuta ni sehemu ya hamsini ya duara, na umbali wa kutoka Alexandria hadi Aswan. Umbali ukawa stadia 5,000, akazidisha kwa hamsini. Inasimuliwa kwamba umbali huo ulipimwa na watu waliofunzwa kutembea kwa hatua zinazolingana. Nawasimulia hiyo watoto wa darasa la saba kila mwaka. Kwa miaka mingi nilikuwa naisimulia kwa ajili ya ile pembe, na yale maneno "hatua zinazolingana" nayapita kama mtu anayepita kibao barabarani.

Miaka ya tisini baba alikuwa anauza mahindi kwa wanunuzi wa malori, na hapo gunia lilinifundisha sehemu na asilimia kuliko chuo. Gunia ni debe sita. Mnunuzi akilipa bei ya gunia anataka lumbesa, lile lililoshonewa kichwa cha kamba juu, na humo inaingia debe ya saba. Mdogo wangu akapiga hesabu kwamba mzee anapoteza debe moja katika sita. Baba akasema ni moja katika saba. Walibishana hadi kuku wakapanda darini. Wote walikuwa sahihi, na debe ni ile ile. Mnunuzi amelipia sita akapata moja zaidi, kwa hiyo faida yake ni moja ya sita, karibu asilimia 17. Baba ametoa saba akalipwa sita, kwa hiyo hasara yake ni moja ya saba, asilimia 14 na kidogo. Niliipeleka darasani kesho yake, na tangu hapo mtoto akiniandikia asilimia namuuliza: asilimia ya nini? Lumbesa imepigwa marufuku na sheria ya vipimo, Wakala wa Vipimo wanaifukuza kila msimu, na kila msimu inarudi.

Halafu fundi. Mwaka 1998 nilianza kujenga nyumba yangu, na mwashi niliyempata hakumaliza darasa la saba. Siku ya kuseti msingi alikuja na mambo za miti, uzi, tepu na nyundo. Kwenye kona ya kwanza alipima mita tatu upande huu akatia alama, mita nne upande ule akatia alama, kisha akanikabidhi ncha ya tepu tupime kati ya alama na alama. "Mwalimu, ikisoma tano kamili uniambie." Ilisoma nne na tisini na sita. Akaing'oa mambo ya mbali, akaisogeza nje vidole vinne, akaigonga. Tano.

Nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya ubaoni, kwamba hiyo ni kanuni ya Pithagorasi: tatu mara tatu ni tisa, nne mara nne ni kumi na sita, jumla ishirini na tano, ambayo ni tano mara tano. Akasikiliza kwa adabu. "Sisi tunaiita tatu-nne-tano," akasema, akaendelea na kona ya pili.

Alipomaliza kona zote nne nilidhani kazi imekwisha. Akavuta tepu kutoka kona hadi kona ya mkabala, akakumbuka namba, akavuta na ile nyingine. Nikamuuliza kwa nini, wakati pande zinazoelekeana tumeshaona ziko sawa. Akanitazama kama mtu anayejiuliza kama kweli mimi ni mwalimu. "Pande zinaweza kuwa sawa na nyumba ikalala." Akachukua vijiti vinne, viwili virefu viwili vifupi, akavifunga kwa uzi, akasukuma kona moja kwa kidole. Mstatili ukalala ukawa msambamba, na hakuna kijiti kilichorefuka wala kufupika. Nilikuwa nimefundisha miaka minane kwamba mstatili ni umbo ambalo pande zake zinazoelekeana ziko sawa, nikisahau nusu ya pili ya sentensi.

Zile sentimita nne zilizopungua kwenye tepu zilikuwa na maana ya nyuzi moja hivi ya pembe. Jicho haliioni. Lakini nyuzi moja kwenye ukuta wa mita nne ni sentimita saba kule mwisho. Mwenzangu mmoja alijenga mwaka ule ule kwa fundi asiyevuta tepu mara mbili, na ukienda sebuleni kwake utaona mstari wa mwisho wa marumaru umekatwa kama kabari, mpana karibu na mlango, unakwisha kuwa wa vidole viwili chini ya dirisha. Ameweka kabati hapo.

Sasa turudi shambani. Niliwaomba wadogo zangu siku mbili kabla hawajaenda popote. Nikachukua tepu ndefu, nikamwita jirani naye aje ashuhudie. Akaja, kanuna, mikono nyuma. Mikonge ya baba ipo hadi leo, mingine imebaki visiki. Tulipima upana: mita 56. Tukapima urefu: mita 168.

Nikachuchumaa nikaandika mavumbini. Mita 56 ni sentimita 5,600. Gawanya kwa hatua 70. Jibu lilikuja kabla sijapiga mstari, kutoka kwenye kiganja kilekile cha kushoto kilichopigwa: saba nane hamsini na sita. Sentimita 80. Mita 168 nazo ukizigawa kwa hatua 210 zinaleta 80 ile ile. Hakuna aliyesogeza mpaka. Angeusogeza hata hatua tano, urefu usingekuwa mara tatu ya upana bila kupungua wala kuzidi. Na hata zile sauti zetu za mia moja kumi na nne hazikukosea. Mzee alikuwa na miguu mifupi, basi.

Kanuni yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Ekari ni kipimo cha Waingereza, yadi za mraba 4,840, na sabini mara sabini ni 4,900. Mtu mwenye hatua ya yadi moja, sentimita 91 na kidogo, akitembea sabini kwa sabini anakupa ekari na ziada ndogo ya kunywea chai. Aliyeianzisha alijua anachofanya. Sisi tuliirithi hesabu bila kurithi hatua.

Mdogo wangu hakuridhika. "Sentimita kumi na moja, dada? Kumi na moja ndiyo zimekula zaidi ya nusu ekari?"

Hapo ndipo miaka yangu yote ya kazi ilipoingia kwenye kijiti kimoja. Sentimita 80 ni kama saba ya nane ya yadi. Nikamchorea mraba, nikaugawa nane kwa nane, vyumba sitini na vinne. Nikamwambia hatua fupi imemega chumba kimoja katika nane, akakubali. Nikafuta mstari mmoja wa juu, vyumba nane. "Huo ni urefu. Upana nao ulipimwa na miguu gani?" Akanyamaza. Nikafuta mstari wa pembeni, vyumba saba vilivyosalia. Vikabaki arobaini na tisa. Vimekwenda kumi na tano, karibu robo, kwa sababu ufupi ule ule umekula mara mbili.

Jirani alikuwa amesogea. Akachuchumaa, akavihesabu kwa kidole, akarudia. Shamba la baba yake lilipimwa wiki ile ile ya 1979, na mjumbe yule yule. "Basi na zangu nne si nne," akasema. Nikamfanyia hesabu: ni tatu na kitu kidogo. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, lakini si sana.

Njiani kurudi nikakumbuka mbegu. Shamba la ekari 2.32, kilo kumi kwa ekari, ni kilo 23. Ukinunua thelathini, zinabaki saba. Mzee alikuwa anapanda sawasawa miaka yote ile, na mama ametangulia akiamini anabania.

Baraza la kata hatukwenda. Shamba limeandikwa mita za mraba 9,408, na tumegawana hizo. Kabla sijaondoka kijijini nilitembea hatua kumi kwenye baraza ya shule niliyosoma, nikapima: mita sita na sentimita themanini. Hatua yangu ni sentimita 68. Mimi nikikupimia ekari, sabini kwa sabini, utapata mita za mraba 2,266, nusu ekari na kidogo. Usiniite.